Musselburgh: uwanja wa gofu ulio tumboni mwa njia ya farasi

Chukua rula uende uwanja wowote wa gofu ulio karibu nawe, Lugalo, Muthaiga, Nyali au Entebbe, upime mdomo wa shimo. Utapata milimita 108, yaani inchi nne na robo. Ukiuliza kwa nini 108 na si 100 kamili, au 120 ambayo ingetupunguzia sote aibu ya kukosa pati za futi tatu, ile misukumo ya mwisho ya kuingiza mpira shimoni, jibu liko kwenye uwanja mdogo wa mashimo tisa mashariki mwa Edinburgh, Uskoti. Unaitwa Musselburgh Old Links, na wachezaji wengi wenye hendikapu nzuri tu, yaani kipimo kizuri cha uwezo, hawajawahi kuusikia.

Mwaka 1829 klabu ya pale, ambayo leo inaitwa Royal Musselburgh, ililipa pauni moja kwa kifaa cha kukatia mashimo. Inaaminika kilitengenezwa kwa kipande cha bomba la mtaro lililokuwa karibu, na bomba lenyewe lilikuwa na upana wa inchi nne na robo. Basi, ni hivyo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakubwa wa klabu ya St Andrews, ya hukohuko Uskoti, walipoamua kuwe na kipimo kimoja kwa kila mtu, walichukua kilekile cha bomba. Kifaa hicho bado kipo, kimetunzwa na Royal Musselburgh kwenye makao yao ya sasa, Prestongrange.

Ili uone thamani ya ile pauni moja, fikiria hali ilivyokuwa awali. Kanuni ya kwanza kati ya zile 13 zilizoandikwa mwaka 1744 kwa ajili ya uwanja wa Leith, bandari ya Edinburgh, ilitaka mpira wa kuanzia uwekwe ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka kwenye shimo ulilolimaliza. Tii, yaani pa kuanzia, na griini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, vilikuwa mahali pamoja. Vijiti vya tii havikuwepo, kwa hiyo mchezaji au kedi wake, mbeba fimbo, alichota mchanga na kuufinyanga kichuguu kidogo cha kuegeshea mpira. Na mchanga uliokuwa karibu zaidi ni ule wa ndani ya shimo lenyewe. Wakishapita watu 20, mkono unazama hadi kiwiko ukitafuta mpira, kingo zimemeguka, na pembeni nyasi zimekanyagwa zikawa vumbi. Shimo lililokuwa kikombe asubuhi, jioni ni sufuria. Bomba la Musselburgh lilifanya kukata shimo jipya la duara kuwe kazi ya dakika moja. Sehemu ya pili ya tatizo ilikwisha tii zilipohamishwa zikawekwa kando ya griini.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Mtunza griini wa leo anatafuta mahali pasipo na mteremko mkali, hatua nne au zaidi kutoka ukingoni, pasipo na kovu la shimo la juzi. Anasimamisha kikatio wima kabisa, anakizungusha huku akikikandamiza hadi kina cha sentimita 20 hivi, kisha anakivuta kikiwa na mche wa udongo ndani. Anateremsha kikombe mpaka ukingo wake uwe angalau milimita 25 chini ya uso wa udongo. Kanuni zinataka shimo lisipungue kina cha milimita 101.6. Ule mche unaenda kuziba shimo la jana, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukikaa juu kwa milimita tatu tu, mashine ya nyasi inaunyoa upara, na duara la kahawia linabaki hapo wiki nzima. Ukikaa chini, kila mpira unaopita unayumba. Dawa ni kumega au kuongeza mchanga chini ya mche kabla ya kuuteremsha, kuukanyaga kwa wayo mzima wala si kwa kisigino, na kuumwagia maji kabla jua halijapanda, kwa sababu mizizi yake imekatwa pande zote. Kikatio nacho kikilala kidogo, shimo linatoka na ukingo mmoja imara na mwingine legevu, na huo legevu hautafika saa sita mchana. Kwenye udongo wa mchanga, uwe wa Musselburgh au wa pwani yetu, nyunyiza maji kwanza, subiri kidogo, ndipo ukate.

Uwanja usio na mchoraji

Viwanja maarufu vina majina ya waliovichora. Musselburgh hauna. Uko mahali ambapo mto Esk unaingia kwenye hori la bahari liitwalo Firth of Forth, kilomita kama 10 kutoka katikati ya Edinburgh, juu ya ardhi ambayo Waskoti wanaiita linksi: ukanda wa mchanga kati ya bahari na mashamba, usiofaa kulimwa kwa sababu hauna rutuba, usiofaa kujengwa kwa sababu mchanga unahama, hivyo ukaachiwa kondoo, sungura, watoto, na watu wazima wenye fimbo.

Huo umaskini wa udongo ndio mtaji wa linksi. Mvua ikinyesha, maji yanapotelea mchangani mara moja. Nyasi zinazostahimili njaa ya namna hiyo ni feskyu, nyembamba kama sindano, zinazoota polepole na kuacha uso mgumu ambao mpira unaukimbilia badala ya kuuangukia. Anayezionea huruma akazimwagia mbolea na maji kila siku anaziua bila kujua: zinakuja nyasi nyingine laini zenye kiu, zinazisonga feskyu, na baada ya misimu michache una griini ya sponji inayohitaji dawa za ukungu. Viwanja vingi vya zamani vya Uskoti vilipitia kosa hilo vilipowekewa mabomba ya maji, na kurudi nyuma kunachukua miaka.

Uchezaji wa pale una karatasi. Tarehe 2 Machi 1672 mwanasheria wa Edinburgh, Sir John Foulis wa Ravelston, aliandika kwenye daftari lake la matumizi kwamba amepoteza pesa kwenye gofu huko Musselburgh. Napenda kwamba ushahidi wa kwanza wa uwanja huu ni wa mtu aliyepigwa. Ipo pia hadithi kwamba Malkia Mary wa Waskoti alicheza hapo mwaka 1567, lakini ushahidi wake ni mwembamba, na wenye hoteli wameutumia kuliko wanahistoria. Kitabu cha rekodi cha Guinness kimewahi kuutambua Musselburgh kuwa uwanja wa gofu mkongwe kuliko wote duniani. St Andrews nao wanaonyesha hati yao ya mwaka 1552. Ugomvi huo waachiwe wenyewe.

Mwanzoni kulikuwa na mashimo saba. La nane likaongezwa katika miaka ya 1830, la tisa mwaka 1870. Hakuna aliyepanga tisa. Ardhi ilitoa nafasi, wakachimba.

Halafu kuna farasi. Mwaka 1816 mbio za farasi zilihamishwa kutoka ufukwe wa Leith zikaletwa hapa, na njia yake ikachorwa kuizunguka linksi. Tangu hapo karibu uwanja mzima wa gofu uko ndani ya duara la kilomita mbili hivi la reli nyeupe. Msomaji wa Nairobi aliyewahi kucheza Golf Park pale Ngong Racecourse haoni ajabu, mpangilio ni uleule. Tofauti ni kwamba Musselburgh gofu ndilo lililokuwepo kwanza, na farasi wakaja kulifunga mkanda tumboni.

Mkanda huo ndio mchoraji halisi wa Musselburgh. Kwa sababu yake uwanja haukuweza kurefuka mipira ilipoanza kwenda mbali, haukupata mashimo 18, na haukuweza kupindisha njia zake zaidi ya pale reli iliporuhusu. Ukitazama ramani utaona mambo yalivyokaa: mashimo ya mwanzo yanakwenda mashariki yakiwa na barabara ya Linkfield kuliani, unafika mwisho wa duara, kisha unarudi magharibi kwa upande wa bahari. Safari ni kinyume cha saa. Maana yake, kwa mchezaji wa mkono wa kulia mwenye ugonjwa wa slaisi, kwenda na kurudi, mpira unaopinda kulia unatoka nje ya duara: kwanza njia ya farasi, kisha barabara, au njia ya farasi tena kisha upande wa bahari. Anayevuta kushoto anaangukia katikati ya uwanja na kupata mkwaju wa pili. Hakuna mtu aliyekaa chini kubuni adhabu hiyo, lakini inafanya kazi kuliko mabanka, yale mashimo ya mchanga ya kutegea mipira, mengi ya kulipiwa.

Upepo nao una sehemu yake. Mara nyingi unavuma kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo unakusukuma ukienda na kukukaba ukirudi. Asiyeujua uwanja anajivuna na alama za mashimo matatu ya kwanza, halafu anazilipa zote nusu ya pili.

Majina ya mashimo

Urefu wote ni kama yadi 2,900, par 34, yaani mikwaju inayotarajiwa kwa mzunguko mmoja. Leo hiyo ni namba ya kuchekesha. Kuna vijana wanaoweza kufika griini kadhaa za par 4 kwa mkwaju mmoja. Lakini majina ya mashimo yanabeba mji mzima.

La pili linaitwa The Graves, Makaburi. Husemwa kwamba wamezikwa hapo askari wa vita vya Pinkie vya Septemba 1547, vilivyopiganwa nje kidogo ya mji. La tatu, Linkfield, limechukua jina la barabara. La nne ni Mrs Forman's, jina la mama mwenye kilabu cha pombe kilichokuwa kwenye kona ya mashariki kabisa ya uwanja. Wachezaji hawakulazimika hata kuingia ndani: kulikuwa na kidirisha ukutani, unapokea glasi yako, unakunywa, unaendelea. Ukitaka kujua kwa nini alama za zamani zinaharibika kuanzia shimo la tano, upepo si sababu pekee.

Kilabu hicho kiliingia kwenye historia mwaka 1870. Willie Park wa Musselburgh na Tom Morris mzee wa St Andrews walikuwa wakicheza mechi ya pesa, pauni 100 kila upande, kwenye viwanja kadhaa, na sehemu ya mwisho ilikuwa hapa nyumbani kwa Park. Watazamaji wa Musselburgh walikuwa wa kuogopwa. Walisogelea mipira, walimzonga Morris, mpaka mwamuzi Robert Chambers akasimamisha mchezo. Morris na mwamuzi wakajifungia kwa Mrs Forman. Park alisubiri, akatuma ujumbe kwamba wasipotoka atamaliza mashimo yaliyobaki peke yake na kudai pesa. Hawakutoka, naye akafanya hivyo.

La tano ni The Sea Hole, shimo la bahari, na jina hilo sasa linapotosha. Majivu ya kituo cha umeme cha makaa ya mawe cha Cockenzie yalimwagwa ufukweni nyuma ya ukuta, nchi kavu ikasogea, na bahari ikarudi nyuma. Leo unaisikia zaidi ya unavyoiona. La sita ni The Table, Meza. La saba, The Bathing Coach, linakumbusha vile vibanda vya magurudumu vilivyotumika kubadilishia nguo wakati wa kuoga baharini. La nane, The Hole Across, linakatiza uwanja kama jina lake linavyosema. La tisa ni The Gas: kulikuwa na kiwanda cha gesi hapo karibu, hakuna zaidi.

Kulikuwa pia na banka lililoitwa Pandy, kifupi cha Pandemonium. Mabanka ya linksi za zamani hayakuchimbwa kwa mchoro. Nyasi zilikatika mahali ambapo mipira mingi iliangukia, au kondoo walijikunyata kukwepa upepo, mchanga ukafunuka, upepo ukaupanua. Ndiyo maana banka la zamani linakaa palepale unapotaka mpira wako uangukie: wachezaji wenzako wa miaka 200 iliyopita ndio waliolichimba kwa kuangukia hapohapo.

Manyoya, mpira wa utomvu na bamba la shaba

Musselburgh ulikuwa pia mji wa mafundi. Akina Gourlay walitengeneza mipira, akina McEwan fimbo. Mpira wa Gourlay ulikuwa wa manyoya, na kuutengeneza kulikuwa adhabu. Unakata vipande vya ngozi, unavilowesha kwenye maji ya shabu, unavishona na kuacha tundu dogo, unaugeuza mfuko nje-ndani ili mshono ufichike. Manyoya ya bata bukini au ya kuku, ujazo wa kofia moja ndefu ya bwana mkubwa, yanachemshwa yalainike, kisha yanasindiliwa kupitia tundu lile kwa msumari wa chuma uliowekwa kifuani, fundi akiegemea kwa uzito wake wote. Unashona tundu, unaacha mpira ukauke. Ngozi ikikauka inasinyaa, manyoya yakikauka yanatanuka, na nguvu hizo mbili zinazopingana ndizo zinazoufanya mpira uwe mgumu kama jiwe. Fundi mzuri alitoa mipira mitatu au minne kwa siku, na vumbi la manyoya likakaa mapafuni mwake.

Matatizo yake yalijulikana: ukilowa unakuwa mzito, mshono unaoza, na ukiupiga vibaya kwa fimbo ya chuma unapasuka na kukumwagia kuku mzima. Mwaka 1848 ukaja mpira wa gutapecha, utomvu wa miti ya Malaya. Unaulainisha kwa maji ya moto, unauviringisha kwa viganja, unautumbukiza kwenye maji baridi. Ukipasuka, unauchemsha na kuuviringisha upya. Inasimuliwa kwamba Gourlay alikuwa na oda ya kudumu kutoka kwa Sir David Baird, apelekewe mipira ya manyoya wakati wowote fundi akiwa na ziada. Siku Gourlay alipoona gutapecha ikichezwa, alirudi dukani akampelekea Baird dazeni kadhaa kwa mkupuo. Biashara ni kujua lini la kuuza limekufa.

Gutapecha laini ilikuwa na kasoro moja: ikiwa mpya ilianguka kama ndege aliyepigwa risasi, ikishachubuliwa na vyuma ilipaa vizuri. Wachezaji waligundua kwanza, mafundi wakafuata kwa kuugongagonga mpira mpya kwa nyundo kabla ya kuuuza. Vishimo vya mpira wa leo ni wajukuu wa zile alama za nyundo.

Musselburgh pia unapewa sifa ya kuzaa brasi, fimbo ya mbao yenye bamba la shaba chini. Barabara iko jirani mno, mipira iliishia kwenye changarawe, na mbao tupu ilikwaruzika hadi kwisha. Bamba la shaba likawekwa kama soli ya kiatu.

Na si wanaume peke yao. Tarehe 14 Desemba 1810 klabu iliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba itatoa tenga jipya la samaki kwa mwanamke atakayecheza vizuri zaidi katika mchezo wa Mwaka Mpya, pamoja na leso mbili za hariri ya Barcelona. Wachezaji walikuwa wachuuzi wa samaki wa mji huo, wanawake waliobeba matenga mgongoni hadi Edinburgh kwa miguu. Tazama zawadi: hawakupewa medali, walipewa kitendea kazi. Ni moja ya kumbukumbu za mwanzo kabisa za shindano la gofu la wanawake popote pale.

Miaka 15 ya utukufu

Mwaka 1836 klabu kubwa ya mabwana wa Edinburgh, Honourable Company, ilihama Leith ikaja hapa. Baadaye zikaja Burgess na Bruntsfield. Ukijumlisha na wenyeji, klabu nne zikagawana mashimo tisa.

Honourable Company ndiyo iliyoleta Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza. Mwaka 1872 wao, klabu ya Prestwick na ile ya St Andrews walichanga pauni 10 kila mmoja kununua jagi la fedha ambalo nakala yake bado inanyanyuliwa leo, wakakubaliana kupokezana uenyeji. Musselburgh ukapata zamu mara sita: 1874, 1877, 1880, 1883, 1886 na 1889. Mashindano yalikuwa mashimo 36 kwa siku moja, yaani kuuzunguka uwanja mara nne.

Wa kwanza kushinda hapa alikuwa Mungo Park, mdogo wake Willie, baharia wa miaka mingi aliyerudi nyumbani na kupiga 159. Si yule Mungo Park wa Mto Niger, ingawa jina ni moja. Mwaka 1880 Bob Ferguson, kedi wa palepale Musselburgh, alianza mfululizo wa mataji matatu kwa kupiga 162. Alikaribia kupata la nne hapahapa mwaka 1883, akaishia kwenye marudiano na Willie Fernie. Walipofika shimo la mwisho Ferguson alikuwa mbele kwa mkwaju mmoja, akamaliza kwa nne. Fernie akamaliza kwa mbili. 158 kwa 159. Huyo Fernie alikuwa na 10 kwenye shimo moja katika mashindano hayo, na bado akabeba jagi. Ukiharibu shimo moja Jumamosi hii, mkumbuke.

Open ya 1889 ndiyo inayoonyesha kwa nini uwanja huu haungeweza kuendelea. Tazama hesabu. Washiriki walizidi 40, wakicheza wawili wawili, yaani jozi zaidi ya 20, na kila jozi inapaswa kuzunguka mara nne. Mashimo tisa yanabeba jozi tisa bila foleni. Walicheza Novemba, na Novemba jua la Edinburgh linazama kama saa kumi jioni. Giza likawa linakuja na watu bado wako uwanjani. Suluhisho la waandaaji lilikuwa kuwapa shilingi tano wale wasio na matumaini ya kushinda ili waache mchezo. Waliobaki walimalizia gizani. Willie Park mdogo, mwana wa yule Willie, na Andrew Kirkaldy wakalingana kwa 155, wastani wa chini kidogo ya 39 kwa kila mzunguko, kwa fimbo za mbao na mpira wa utomvu. Kirkaldy angeshinda bila marudiano, ila inasimuliwa kwamba kwenye shimo la 14 mpira ulikuwa umebaki inchi moja, akausukuma kwa mkono mmoja kwa dharau, akaukosa. Kwenye marudiano Park alimshinda kwa mikwaju mitano, 158 kwa 163.

Honourable Company walichoka kubanana. Mwaka 1891 walihamia Muirfield, uwanja wao wenyewe wa mashimo 18 uliochorwa na Tom Morris mzee, na zamu ya Open ya 1892 wakaondoka nayo. Musselburgh walikasirika, wakaandaa shindano lao mwaka huohuo. Halikusaidia. Burgess na Bruntsfield waliondoka kabla ya karne kuisha, Royal Musselburgh wenyewe katika miaka ya 1920. Uwanja ukabaki mali ya umma, chini ya baraza la mji.

Maoni yangu ni kwamba kuondoka huko ndiko kulikouokoa. Klabu tajiri ingebaki, ingenunua ardhi ya pembeni, ingemwita mchoraji, na leo tungekuwa na uwanja mwingine wa yadi 7,000 usiotofautiana na jirani yake. Ukiwa na mkanda wa farasi na mwenye mali ambaye ni baraza, hakuna aliyekuwa na nafasi wala fedha za kuuharibu.

Ukienda kucheza

Ni uwanja wa umma, unalipa na kucheza, na unaweza kukodi seti ya fimbo za hikori, zile za kale zenye mpini wa mbao. Kodi. Kucheza pale kwa draiva ya titani ni kama kuvulia samaki kwa baruti.

Hikori ina sheria zake. Mpini unajipinda na kujisokota, kwa hiyo fimbo ikifika juu ngoja kidogo kabla ya kushuka; ukiharakisha, kichwa kinabaki nyuma na mpira unakwenda kulia, na kulia pale umeshajua kuna nini. Usichimbe ardhi: mchanga ulio chini ya nyasi ni mgumu na mpini unavunjika karibu na shingo. Kabla ya kutoka, angalia uzi uliofungwa shingoni mwa fimbo za mbao. Ukiona umelegea, rudisha uchukue nyingine. Tikisa vichwa vya chuma karibu na sikio: kikigonga, mbao imekauka na kusinyaa ndani ya soketi. Kishikio cha ngozi kikilowa kinateleza, kwa hiyo beba kitambaa kikavu. Mpira uwe laini. Mipira migumu ya masafa inapasua nyuso za mbao.

Majina yatakuchanganya mwanzoni. Mashi ni sawa na chuma namba 5 hivi, nibliki ni kama 9, kliki ni ile nyembamba ya masafa. Kwa mtu wa kawaida mashi inatoa yadi 130 hivi. Usiinyanyue mipira juu griini zikiwa kavu. Angushia yadi 20 kabla uache ukimbie. Shimo la nne ukiwa na upepo nyuma, angushia yadi 30.

Njia ya farasi utaikatiza ukiwa uwanjani. Tazama pande zote mbili kama unavuka barabara, maana farasi wa mazoezi hawapigi honi. Siku za mbio zenyewe gofu hufungwa, kwa hiyo kagua ratiba ya farasi kabla ya kukata tiketi ya treni kutoka Edinburgh.